Majaribio ya Ulaya na Hukumu ya Kijiweni

Kila dirisha la usajili linapokaribia, habari ya aina moja hurudi. Kinda anayetajwa kila kona amekwea pipa kwenda kufanya majaribio katika klabu kubwa ya Ulaya. Picha yake ya uwanja wa ndege, begi mgongoni na wakala pembeni, inazunguka kwenye simu za watu ambao hawajawahi kumwona akicheza dakika tisini. Siku chache baadaye kinatokea kipande cha video, sekunde arobaini hivi, akizunguka koni kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Wiki ya tatu yuko nyumbani, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kilichotokea. Mmoja anadai kijana amefuzu, anasubiri kibali. Mwingine anasema amechemsha. Wa tatu anaapa kwamba hakuvuka hata geti la klabu.

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko huu ni lugha. Kualikwa, kufanya majaribio, kufuzu na kusajiliwa ni hatua nne, kila moja na mlango wake, lakini vichwa vya habari na midomo ya mashabiki huzifanya hatua moja. Chanzo kikubwa zaidi ni kwamba klabu na shabiki hawaulizi swali moja. Klabu inauliza: huyu anatufaa katika nafasi hii, kwa bei hii, katika dirisha hili? Shabiki anauliza: mtoto wetu ni mkali kweli? Jibu la swali la kwanza linapotoka, hupokelewa kana kwamba limejibu la pili. Uchambuzi huu unapitia kinachopimwa katika majaribio, vikwazo vinavyoamua matokeo kabla ya mpira kuguswa, na misimamo minne ambayo mashabiki hugawanyika nayo, kisha unaiweka misimamo hiyo kwenye mizani.

Klabu inapima nini

Majaribio ni kipindi kifupi ambacho mchezaji asiye na mkataba na klabu fulani anaruhusiwa kufanya mazoezi nayo ili aonwe kwa karibu. Mara nyingi hayazidi wiki mbili au tatu. Katika klabu kubwa mgeni kijana kwa kawaida haanzii kikosi cha kwanza; hupelekwa timu ya akiba au ya vijana. Kabla ya mpira kuna daktari: moyo unapimwa, magoti yanakunjwa na kukunjuliwa, mbio fupi zinahesabiwa kwa sekunde na vipande vya sekunde. Kisha huja mazoezi ya eneo dogo, watano kwa watano, ambako mpira hukaa mguuni kwa muda wa pumzi moja. Mwishoni, bahati ikiwapo, kuna mechi moja ya kirafiki isiyo na watazamaji.

Katika siku hizo kocha hamlinganishi mgeni na mabeki wa ligi ya kwao. Anamlinganisha na kijana ambaye klabu imemlea tangu utotoni, anayeijua lugha, anayeujua mfumo, ambaye hahitaji kibali wala ada ya uhamisho. Mgeni akiwa sawa na huyo, amekosa. Inabidi amzidi kwa kiasi kinachofidia gharama na usumbufu wote wa kumleta.

Familia ya Touré ya Ivory Coast inafundisha zaidi ya maelezo marefu. Kolo alifika Arsenal kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan na kusajiliwa mwanzoni mwa 2002. Ray Parlour, kiungo wa Arsenal wa enzi hizo, amesimulia namna kijana huyo alivyowaingia wenyeji wake mazoezini: akamwangusha Thierry Henry, akamwangusha Dennis Bergkamp, na mpira ulipodunda kuelekea kwa Arsène Wenger aliyekuwa akitazama, akamvaa na kocha mwenyewe. Kocha aliondoka akichechemea, na kijana akapata mkataba. Msimu wa 2003–04 Kolo alikuwa beki wa kati wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa England bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi.

Mdogo wake, Yaya, alijaribiwa hapo hapo mwaka 2003 akitokea Beveren ya Ubelgiji. Alipewa mechi ya kirafiki dhidi ya Barnet, akachezeshwa mbele, nafasi ambayo haikuja kuwa yake. Hakung'ara siku hiyo, suala la karatasi likavuta muda, na safari yake ikaelekea Metalurh Donetsk ya Ukraine. Kuanzia 2011 hadi 2014 alitwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika mara nne mfululizo.

Damu moja, klabu moja, kocha yule yule, majibu mawili. Wala Wenger hakuwa kipofu. Siku ile mbele yake palikuwa na mchezaji aliyewekwa mahali pasipo pake, na dirisha halikumngoja. Riyad Mahrez naye alipita njia kama hiyo. Mwaka 2009 alikwenda kujaribiwa St Mirren ya Uskoti, akaondoka bila mkataba huku akiilalamikia baridi. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa England akiwa na Leicester na mchezaji bora wa mwaka kwa kura za wachezaji wenzake. Kwa hiyo matokeo ya majaribio ni taarifa ya wiki mbili. Kuyageuza kuwa hukumu ya kipaji ni kuyatwisha mzigo yasioweza kuubeba.

Milango isiyofunguliwa kwa mguu

Aprili 2009 Mrisho Ngassa, winga wa Yanga, alikwenda London kujaribiwa na West Ham United iliyokuwa chini ya Gianfranco Zola. Wakati ulikuwa wa matumaini makubwa. Wiki chache nyuma Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania chini ya kocha Marcio Maximo, ilikuwa imecheza fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nchini Ivory Coast na kuwafunga wenyeji 1-0. Hakukuwa na Mtanzania aliyewahi kucheza Ligi Kuu ya England, na Ngassa alionekana kuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Hakusajiliwa, na mabishano yaliyofuata yalikuwa juu ya mwili, kasi na uwezo wake. Kanuni zilizungumzwa kidogo, ilhali ndizo zilizokuwa zimesimama mlangoni. Wakati huo mchezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya alipata kibali cha kazi Uingereza kwa njia ya kawaida iwapo amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyopita, na timu hiyo iwe ndani ya 70 bora duniani kwa wastani wa muda huo. Tanzania haikuwamo. Ngassa angeweza kumzunguka kila beki wa West Ham asubuhi na jioni, na njia ya kawaida ingebaki imefungwa. Ingesalia rufaa mbele ya jopo, ambako klabu hulazimika kuthibitisha kwamba kijana ana kipaji cha kipekee. Si kila klabu huingia kwenye vita hiyo kwa ajili ya mchezaji ambaye haijamtegemea bado.

Anayedhani hoja hii ni kisingizio amtazame McDonald Mariga. Januari 2010 Mkenya huyo hakuwa kwenye majaribio. Alikuwa kiungo wa Parma katika Serie A, na Manchester City ilikuwa tayari kulipa. Kibali kikakwama kwa sababu ya nafasi ya Kenya kwenye viwango vya FIFA. Mariga akaenda Inter Milan badala yake, na kabla msimu haujaisha alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa Ulaya. England ilimfungia mlango mchezaji aliyekidhi viwango vya bingwa wa Ulaya.

Kibali ni mlango mmoja tu. Wa pili ni umri: kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache, kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Kinda wa miaka 16 wa Afrika Mashariki anaweza kuvutia kila aliyemwona na bado asisajiliwe Ulaya. Wa tatu ni mkataba wa nyumbani. Klabu mama ikitaja bei inayozidi mara tatu ile iliyokuwa akilini mwa wageni, mazungumzo huisha kimyakimya, na kijana hurudi na jina la kufeli.

Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, mfumo wake umekuwa wa pointi: mechi za timu ya taifa, daraja la ligi anakotoka mchezaji, mashindano ya bara aliyocheza. Tangu 2023 kuna nafasi chache za upendeleo, zisizozidi nne kwa klabu, za kuwachukua wasiofikisha pointi. Mwanya umeongezeka kidogo, lakini kijana anayetoka moja kwa moja katika ligi zetu bado anaanza na pointi chache sana.

Kwa nini kelele ni kubwa hivi

Sababu ya kwanza ni ukame. Taifa Stars ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980 nchini Nigeria, kisha ikasubiri hadi 2019 nchini Misri, miaka 39. Taifa likikosa timu ya kujivunia kwa muda mrefu hivyo, hubebesha mtu mmoja matumaini ya wote. Kijana mwenye miaka 18 anapopanda ndege anakuwa timu ya taifa inayosafiri peke yake.

Sababu ya pili ni Simba na Yanga. Kinda akiwa wa upande mmoja, upande wa pili una kila sababu ya kumtakia mabaya, na upande wake una kila sababu ya kukuza habari zake. Safari ya London inageuka kuwa mechi ya watani wa jadi iliyohamishiwa ugenini.

Ya tatu ni biashara. Wakala anajua kwamba neno "Ulaya" hupandisha thamani hata lisipozaa mkataba. Klabu mama inajua hivyo pia. Vyombo vya habari navyo vina kurasa na vipindi vya kujaza kila siku, na kinda aliyeko safarini ni habari isiyokauka, kwa sababu hakuna anayeweza kuikanusha kwa haraka.

Msimamo wa kwanza: "Mtoto wetu, tumsukume"

Kundi hili ndilo kubwa na ndilo lenye sauti. Linataka kila hatua itangazwe, kurasa za klabu husika zijazwe ujumbe wa Kiswahili, na serikali iingilie pale inapowezekana. Nguvu yake ni ya kweli. Mbwana Samatta alipotua Aston Villa Januari 2020, kurasa za klabu hiyo zilifurika Kiswahili, na klabu ya Birmingham ikagundua ina mashabiki Temeke na Tandale. Kijana aliye mbali, kwenye baridi, akila chakula asichokijua, anahitaji kusikia kuna watu nyuma yake. Na kwa watoto wanaocheza mchangani, kumwona mtu wa mtaani kwao akivaa jezi ile ni elimu kubwa.

Udhaifu wake ni kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Freddy Adu. Alizaliwa Tema, Ghana, akahamia Marekani na familia yake mwaka 1997, na Aprili 3, 2004, akiwa na miaka 14, alichezea DC United mechi ya Ligi Kuu ya Marekani. Alitokea kwenye tangazo la soda pamoja na Pelé. Novemba 2006 alikwenda Manchester United kwa wiki mbili. Kwa kuwa hakuwa na kibali, hakuweza kucheza hata mechi ya timu ya akiba, kwa hiyo mamilioni ya watu walibishania mazoezi ambayo hawakuyaona. Baada ya hapo akapita Real Salt Lake, akanunuliwa na Benfica 2007, akatolewa kwa mkopo Ufaransa, Ureno, Ugiriki na Uturuki. Mwaka 2014 alikuwa Blackpool, akijaribiwa tena. Aliyekuwa akisubiriwa na klabu sasa alikuwa akizisubiri.

Haitakuwa haki kusema sifa peke yake ndiyo iliyomwangusha Adu. Inatosha kusema kwamba ilimnyima kitu ambacho kila kinda anakihitaji: ruhusa ya kuwa mchezaji wa kawaida kwa miaka michache, akikosea bila dunia kuhesabu.

Msimamo wa pili: "Hiyo ni kiki"

Kundi la pili limechoka kudanganywa. Kwao, kila safari ya majaribio ni kiki ya wakala mpaka karatasi isainiwe. Wana hoja nzito. Zipo safari zilizoishia kwenye klabu ya daraja la chini iliyopewa jina la klabu kubwa ya mji huo huo. Zipo picha za kijana aliyevaa jezi iliyonunuliwa dukani. Na upo upande wa giza zaidi: familia zinazouza kiwanja au ng'ombe kumlipa mtu anayejiita wakala, kisha kijana anaachwa kwenye hoteli ya mji asioujua. Ufaransa, shirika la Foot Solidaire lililoanzishwa na mchezaji wa zamani wa Cameroon, Jean-Claude Mbvoumin, limejengwa juu ya kuwasaidia vijana wa Kiafrika waliotelekezwa namna hiyo. Shaka ya mashabiki inaweza kuwa kinga: klabu ya kweli inayomtaka mchezaji haimtozi pesa ili imjaribu.

Tatizo la kundi hili ni kwamba haliachi nafasi ya ukweli likiukuta. Kwa mtazamo wake Kolo Touré naye alikuwa kiki hadi siku aliposaini. Baya zaidi, kejeli zake hufunga njia ya kurudi. Kijana anayejua atapokewa kwa kicheko huona afadhali abaki ughaibuni bila timu, bila karatasi, kuliko kurudi kwenye klabu yake akacheze Jumamosi. Shaka iliyokusudiwa kumlinda inamgharimu msimu mzima.

Msimamo wa tatu: "Mcheza kwao hutunzwa"

Kundi la tatu linauliza kwa nini aende kabisa. Miaka kumi na tano iliyopita swali hilo lingechekwa. Leo lina mifupa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Tanzania wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na kuikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger. Simba ikafika fainali hiyo hiyo 2025 dhidi ya RS Berkane. Mchezaji anayeanza katika klabu hizi anaonekana Cairo, Casablanca na Johannesburg bila kuomba mwaliko, na analipwa huku akionekana.

Kisa cha Farid Mussa kinawapa nguvu. Akiwa Azam FC mwaka 2016 alikwenda Hispania, akajaribiwa, na Tenerife ikamtaka. Kwa lugha ya kijiweni, alifuzu. Lakini taratibu za kibali zilimweka nyumbani kwa miezi, na alipofika, muda wake mwingi ukawa kwenye timu ya pili ya klabu. Mwaka 2020 alirejea nchini na kujiunga na Yanga. Usiache mbachao kwa msala upitao, watasema.

Hata hivyo hoja hii ina nyufa mbili. Kwanza, soko la Ulaya linapenda miguu michanga. Mchezaji wa miaka 19 hununuliwa kwa kile anachoweza kuwa. Wa miaka 26 hununuliwa kwa kile alicho, na wanaonunuliwa hivyo huko ni wachache. Kumwambia kinda asubiri kunaweza kuwa sawa na kumwambia asahau. Pili, mafanikio ya klabu zetu yamejengwa kwa kiasi kikubwa na wageni, ambao kanuni za misimu ya karibuni zinaruhusu kusajiliwa hadi 12 kwa klabu. Kinda anayeambiwa abaki anaweza kubaki benchi, na benchi halina skauti.

Msimamo wa nne: "Ngazi kwa ngazi"

Kundi la mwisho, na dogo kuliko yote, halipingi Ulaya wala haliabudu klabu kubwa. Linasema kijana apitie ligi ya kati ambako atacheza. Mfano wao mkuu ni Samatta. TP Mazembe ya Lubumbashi ilimwona ilipokutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika 2011. Majaribio yake yakawa mechi zenyewe. Alikaa Kongo karibu miaka mitano, akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 ambayo Mazembe iliitwaa, na Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huo huo akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018–19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa, na Novemba 2019 akafunga kwa kichwa Anfield dhidi ya Liverpool.

Kilichotokea Januari 2020 kinafaa kuwekwa kando ya Aprili 2009. Tanzania ilikuwa nje ya 100 bora. Nafasi ya nchi haikuwa imemsaidia Samatta kuliko ilivyomsaidia Ngassa. Tofauti ni kwamba kanuni za wakati huo ziliruhusu jopo kutazama ada ya uhamisho, mshahara na mashindano anayocheza mtu, na Samatta alikuwa na vyote hivyo mkononi. Mlango uliofungwa kwa kijana wa majaribio ulifunguka kwa mfungaji wa Ligi ya Mabingwa.

Ndugu wengine wawili wanathibitisha jambo hilo hilo. Victor Wanyama, mdogo wake Mariga, hakwenda England moja kwa moja. Alipitia Beerschot ya Ubelgiji, kisha Celtic ya Uskoti, ambako Novemba 2012 aliifunga Barcelona. Mwaka uliofuata Southampton ilimnunua, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, ligi ambayo kaka yake alizuiwa mlangoni. Na Kelvin John, kinda aliyebatizwa jina la Mbappe kabla hajacheza Kombe la Mataifa ya Afrika la vijana chini ya miaka 17 Dar es Salaam mwaka 2019, alisajiliwa na Genk mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Timu yake ilipoteza mechi zote tatu za mashindano yale, na hilo halikuizuia klabu ya Ubelgiji kuona ilichotaka kuona.

Msimamo huu nao una gharama. Kutoka Simba hadi Villa ilimchukua Samatta takribani miaka tisa, na alipofika alidumu miezi minane tu kabla ya kwenda Fenerbahçe, ingawa aliacha bao la fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ngazi ni ndefu, na ukifika juu unaweza kukuta hapana kiti. Pia si kila kijana ana Mazembe ya kumwona. Wengi wanaoshauriwa kupanda ngazi hawaonyeshwi ilipo.

Mizani

Ukiyaweka makundi haya pamoja, unaona kila moja limeshika kipande cha kweli na kukiita mzigo mzima. Washangiliaji wana haki kuhusu moyo wa kijana, wakakosea kuhusu kipimo. Wenye shaka wana haki kuhusu mawakala, wakakosea kuhusu mchezaji. Wa nyumbani wana haki kuhusu dakika za kucheza, wakakosea kuhusu umri. Wa ngazi wana haki kuhusu njia, lakini njia yao ni ya wachache waliobahatika kuonwa.

Makosa yao yana mzizi mmoja: kuyafanya majaribio kuwa tukio la kuamua. Makundi mawili ya kwanza yanapingana kila siku, lakini yanakubaliana juu ya hilo. Moja linasherehekea tukio, jingine linalizomea. Ushahidi uliopitiwa hapa unaelekea kwingine. Waliofika na kudumu kidogo walisukumwa na mechi: mechi za bara, mechi za ligi ya kati, mabao mbele ya timu kubwa. Mechi huzaa pia pointi za kibali, huzaa thamani, na huacha kumbukumbu isiyohitaji wakala wa kuisimulia. Kwa hesabu hiyo msimamo wa nne unazidi mingine, kwa sharti kwamba unakopa kitu kutoka kwa wa tatu: hatua ya kwanza ya ngazi iwe dakika za kucheza nyumbani akiwa bado kijana.

Hilo haliyafanyi majaribio kuwa bure. Yana faida pale mwaliko ni wa maandishi na umepitia klabu mama, pale kikosi anachokwenda kinajulikana, pale kanuni za kibali zimesomwa kabla ya tiketi kukatwa, na pale kijana anarudi kwenye timu yenye nafasi yake. Klabu ndogo iliyomlea nayo iwe na karatasi. FIFA imeweka fidia ya malezi, pamoja na asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayogawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Asiyesajiliwa vizuri huko alikoanza huondoka na haki hiyo ikapotea. Mashabiki wanaoweza kujaza ukurasa wa Aston Villa kwa usiku mmoja wana uwezo pia wa kuuliza maswali haya, na wakiyauliza, wakala wa kiki atakosa soko.

Ipo hasara moja ambayo mizani hii haiwezi kuiondoa. Habari zikiwa za utulivu, raha ya kushabikia inapungua. Ndoto ina utamu wake, na taifa lililosubiri miaka 39 halilaumiki kwa kuota kwa sauti. Swali ni nani analipa bei ya sauti hiyo. Kwa sasa anayelipa ni kijana.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko unaozuka kila kinda anapokwenda Ulaya unatokana na maswali mawili kuchanganywa: klabu inatafuta anayeifaa leo, shabiki anatafuta uthibitisho wa kipaji. Matokeo mara nyingi huamuliwa na kibali, umri na mkataba kabla ya kocha kutazama chochote, kama visa vya 2009 na 2010 vinavyoonyesha. Kushangilia bila kipimo humbebesha kijana mzigo wa taifa; kukejeli humfungia njia ya kurudi; kumzuia nyumbani kunaweza kumpitisha umri; kupanda ngazi kunafaa zaidi, ila ngazi ni ndefu na ziko chache.

Ngassa hakuishia West Ham. Mwaka 2011 alikuwa Seattle kwa majaribio mengine, akaingia kutoka benchi katika mechi ya kirafiki ambayo Manchester United iliwafunga wenyeji 7-0. Hakusajiliwa huko pia. Alirudi akacheza, akawa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa historia ya Taifa Stars. Kijiwe bado kinamkumbuka kwa safari ambazo hazikuzaa mkataba, ilhali kazi yake ilikuwa ikionekana kila mwisho wa wiki, bila kibali, kwa bei ya tiketi ya mzunguko.